Kibao cha Bibi katika Nyumba ya Mwandishi

Mjukuu wangu huniita mume wangu, kama wajukuu wa kike wa kwetu wanavyowatania babu zao, na akiwa na jambo zito huanza kwa kuniuliza kama nimekula. Siku ile alinipigia simu kutoka Kiwangwa, ambako ni bibi shamba wa wakulima wa mananasi, akaniuliza kama nimekula.

"Nimekula. Sema."

"Jumamosi nakuja Bagamoyo. Mama mkwe naye anatoka Saadani kuja kuniona. Nataka twende sote watatu kwenye nyumba ya mwandishi. Wameitengeneza, wameipaka chokaa, sasa watu wanaingia na kuonyeshwa."

"Mimba kubwa namna hiyo, na unataka kutembezwa nyumba?"

"Nitatembea na mume wangu. Nikichoka utanibeba."

Nilicheka, lakini nilikwishajua anakonipeleka.

Mwandishi huyo alikuwa jirani yetu nilipokuwa mdogo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye miwani minene, na katika maisha yake yote aliandika riwaya moja tu. Ni hadithi ya mtoto wa kike aliyekamatwa bara, akatembezwa kwa miguu hadi pwani hii na kuuzwa, wakati ambapo Mjerumani alikwishafika lakini watu bado waliuzwa kichinichini. Mwandishi hakuzungusha maneno. Alisema utumwa ulikuwa dhuluma, na walioufanya walikuwa watu wenye majina, wenye nyumba, wenye nafasi zao safu ya mbele msikitini. Kuandika hivyo huku unaishi mtaa mmoja na wajukuu wa wauzaji na wajukuu wa waliouzwa kulitaka moyo. Wapo wazee walioacha kuitikia salamu yake.

Mjukuu wangu aliisoma riwaya hiyo akiwa sekondari huko Lugoba. Likizo ilipofika alikuja na kitabu mkononi, akaniuliza kama yule mtoto wa hadithini ndiye bibi yangu, maana majina yao ni mamoja. Nilimjibu kwamba majina hufanana, nikaendelea na gazeti langu.

Jina lenyewe sitaliandika hapa. Ni la aina ile ambayo mtu wa pwani akilisikia anajua halikutolewa na baba wala mama. Wanunuzi wa watu walikuwa na mtindo wao wa kuwaita waliowanunua: siku ya kununuliwa, au faida waliyoitarajia, au kitu kilichowafurahisha asubuhi ile. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na jina la namna hiyo, na mtoto wa kwenye riwaya analo hilohilo, kwa sababu mtoto wa kwenye riwaya ni yeye.

Nyumbani kwetu hilo halikusemwa. Baba alitufundisha kwamba tukiulizwa, tuseme bibi alitoka Kilwa. Kilwa ni mbali, na kuna watu wa heshima. Nilisema Kilwa nilipokwenda kuposa, nikawaambia Kilwa wanangu, nao wakawaambia wakwe zao. Kwetu posa ikifika, wazee huuliza ukoo hata kabla ya kuuliza kijana anafanya kazi gani, na jibu la Kilwa lilitupitisha kila mlango.

Sasa kipimo cha hospitali kilikuwa kimeonyesha mtoto wa kike, na mjukuu wangu alitaka kumpa jina lile. Kikwazo kilikuwa mama mkwe wake. Kwa desturi ya watu wake, mtoto hurithi jina la mtu aliyeishi, na kabla ya siku ya saba kaburi la mtu huyo husafishwa na kusomewa dua. Jina lisilo na mwenyewe hawalipokei.

"Jina nimeshamtajia, lakini nikimwambia mimi kwamba mwenyewe aliishi, ataona nimelitoa kitabuni," mjukuu alisema kwenye simu. "Wewe ndiye uliyemjua. Sema wewe, mbele yake, mle ndani ya nyumba. Neno moja tu, babu."

Aliponiita babu nilijua utani umekwisha. Nikamwambia nitasema.

Jumamosi mama mkwe aliteremka kwenye bajaji mbele ya ule mlango wa mbao zilizochongwa, akajifunga upya mtandio wake. Ni mwanamke mrefu, wa makamo, anayekausha na kuuza samaki, na mikono yake imekuwa migumu kwa chumvi na moshi.

"Shikamoo mkwe."

"Marahaba mama. Habari za safari?"

"Njema. Barabara imetutikisa, lakini mimi si yai." Akaitazama nyumba kutoka chini hadi juu. "Kwa hiyo nimetoka Saadani kuja kutazama kitanda cha maiti. Nikiwasimulia wenzangu watasema nimepandwa na shetani."

"Si kitanda tu, mama," mjukuu wangu akasema. "Kuna na choo chake."

"Hicho twende kwanza. Nimebanwa tangu Wami."

Aliyetupokea ni mpwa wa mwandishi, mama mcheshi aliyestaafu kufundisha chekechea, ambaye sasa anaitunza nyumba pamoja na ndugu zake. Alituongoza kama alivyowaongoza watoto wake: tuvue viatu, tusishikeshike vitu, maswali mwisho. Nilivuka kizingiti cha mlango wa mbele kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Utotoni nilikuwa nikiingia nyumba ile kwa mlango wa uani, kwa kuwa nilikuwa nikifuatana na bibi, na bibi hakupita mlango wa mbele wa nyumba yoyote, hata ya mwanawe.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa nyumba za mawe. Boriti za dari zilikuwa zimepakwa mafuta mapya. Chumbani kulikuwa na kitanda cha samadari na chandarua kilichokunjwa vizuri, na kanzu moja kwenye msumari. Mama mkwe alibonyeza godoro kwa kidole.

"La sufi hili?"

"Tafadhali usishike, dada."

"Sijashika. Nimegusa."

Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa fahari ya nyumba. Meza ilikuwa chini ya dirisha, na juu yake taipureta, taa ya chemli, na miwani ile minene ndani ya sanduku la kioo pamoja na nakala ya kwanza ya riwaya. Mpwa alisimama kando ya meza na kuikunja mikono yake mbele.

"Hapa ndipo mjomba alipoandika. Wageni wengi huniuliza kama mtoto wa kwenye kitabu alikuwepo kweli. Mjomba naye aliulizwa hivyo mpaka mwisho wa uhai wake, na jibu lake lilikuwa moja. Alimbuni. Alikaa kwenye kiti hiki, akamtoa kichwani."

Mjukuu wangu aligeuka. "Babu, wewe ulikulia mtaa huu. Ni kweli alimbuni?"

Alikuwa amenifungulia mlango, nilichotakiwa ni kupita tu. Maneno nilikuwa nayo, niliyapanga tangu siku ya simu. Lakini macho yangu yakakutana na ya mama mkwe, nikaona barazani kwangu siku ya posa, wazee wa Saadani na kofia zao, na mimi nikisema Kilwa kwa sauti ya mtu asiye na wasiwasi. Nikawaza: watasema tuliwadanganya. Nikawaza: watasema mtoto wao ameoa wapi. Mtu aliyevuka sabini na tano, bado namwogopa baba yangu kaburini.

"Mwenyewe ndiye ajuaye," nikasema. "Kama alisema alimbuni, basi alimbuni."

Mama mkwe alitikisa kichwa taratibu. Hakuwa na ubaya wowote. "Haya, basi limekwisha. Mtu wa kubuni hatuwezi kumrithisha mtoto jina lake. Kaburi lake tutalisafisha wapi, kwenye kabati la vitabu? Tutampa jina la mama yangu. Nilikuwa naogopa kulitaja mapema, nisije nikaonekana navutia upande wangu."

"Sawa, mama," mjukuu wangu akasema.

Hakunitazama. Aliinama akakisoma kitabu kupitia kioo, mkono mmoja tumboni, kana kwamba jalada lile lilikuwa na maneno mengi. Angenikemea ningejitetea. Aliposema sawa nilijua nimemnyang'anya kitu alichokisubiri tangu akiwa mwanafunzi, na nimemnyang'anya mbele ya watu, kwa neno kinyume cha lile aliloniomba.

Nimekosea mengi maishani, na mengi yake watu niliowakosea wamekwishazikwa. Hili lilikuwa bichi, na niliyemkosea alikuwa amesimama hatua chache kutoka nilipo, akijikanda kiuno.

Mpwa alitupeleka uani. Kulikuwa na kisima kilichofunikwa, jiko la mafiga lenye paa la makuti, na benchi refu lililopangwa vyombo vya zamani: mtungi, kinu, ungo, na vibao viwili vya kukunia nazi, vile tunavyokalia huku meno ya chuma yakiwa yametokeza mbele.

"Hiki kilikuwa cha mke wa mjomba," mpwa akasema akionyesha kimoja kilichokuwa kipana. "Hiki kingine hatujui. Labda cha mfanyakazi. Kimeungua, mnaona? Nilitaka kukitupa, ndugu zangu wakanikataza."

Katikati ya mahali pa kukalia palikuwa na duara jeusi lililodidimia, ukubwa wa kitako cha sufuria. Nilikuwepo duara lile lilipopatikana. Bibi aliepua sufuria ya mchuzi, akaitua juu ya kibao chake kwa sababu alikuwa katikati ya kusimulia na hakutaka kupoteza neno kwa kutafuta mahali pengine. Moshi ukapanda, mwalimu akapiga kelele, bibi akamwambia anyamaze asikilize.

"Hicho ni cha bibi yangu," nikasema.

Mpwa alinitazama kwa adabu. "Bibi yako alikuwa akifanya kazi hapa, baba?"

"Hapana, mwanangu. Alikuwa anakuja kusimulia. Yule mtoto wa kwenye kitabu ndiye yeye. Mjomba wako hakumbuni."

Nikalishika benchi kwa mikono miwili. Mama mkwe aliona, akakishusha kibao kile kutoka kwenye benchi, akakiweka chini. Mpwa alitaka kusema kitu kuhusu kushika vitu, akaacha.

"Kaa, mkwe," mama mkwe akasema. "Usije ukaanguka, tukawa na wawili wa kubeba."

Nikakaa juu ya lile duara, na nikasema yote.

Niliwaambia kwamba kila siku baada ya alasiri bibi alichukua nazi za chakula cha jioni, akapita kichochoroni hadi mlango huu wa uani. Mwalimu alikuwa akimsubiri, amekwishavua shati, amekalia kibao cha mkewe. Yeye ndiye aliyekuna nazi ili mikono ya bibi iwe huru, kwa maana bibi hakuweza kusimulia bila mikono. Alikuna vibaya. Alitoa mapande makubwa kama ya kulisha kuku, na bibi alikatisha safari ya kutoka bara, akiwa amefika mtoni na minyororo, ili kumkemea: "Mwalimu, hiyo ni nazi au ni kuni?" Usiku mwalimu alikwenda kwenye meza ile ya mbele akaandika. Lakini kitabu kilipatikana hapa, kati ya vibao hivi viwili.

Baba alipogundua anachokwenda kusimulia, alimkataza kutoka. Bibi akakiacha kibao chake huku makusudi. Kila alasiri akawa anasema, "Nakwenda kukuna nazi, kibao changu kiko kwa mwalimu." Baba akamnunulia kingine. Bibi akakikalia mara moja, akatangaza kwamba kinamuumiza nyonga, akatoka na nazi zake.

Mjukuu wangu alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kisima. Alikuwa anatabasamu na kufuta macho kwa ncha ya khanga, yote mawili kwa pamoja.

"Na jina?" akauliza. "Kwa nini hakulibadilisha? Waandishi hubadilisha."

"Alitaka kulibadilisha. Alimwambia bibi kwamba kwenye kitabu atampa jina jingine, zuri, ili asimwaibishe. Bibi akamwambia hivi. Jina alilonipa mama yangu lilinipotea njiani. Nilikuwa mdogo, nililia mpaka nikalisahau, na hakuna aliyebaki wa kunikumbusha. Hili nilipewa na aliyeninunua. Yeye amekufa, mimi ndiye niliyebaki nalo. Nimeolewa nalo, nimezaa nalo, naswali nalo. Liandike. Ukitaka kuweka uongo, uweke mahali pengine."

Kitabu kilitoka yeye akiwa amekwishazikwa. Baba alikwenda kwa mwalimu usiku, na aliporudi alisema wameelewana. Hakusema wameelewana nini, lakini kuanzia hapo mwalimu, kila alipoulizwa, alijibu kwamba mtoto yule alimbuni. Mtu aliyethubutu kuwakasirisha nusu ya wazee wa mji alikubali kusema uongo huo mmoja, ili jirani yake aweze kuoza watoto.

"Mjomba wako aliusema kwa ajili yetu," nikamwambia mpwa. "Na leo mimi nimeurudia, wakati hakuna tena anayeuhitaji isipokuwa woga wangu. Nimekosea mbele yenu, na mbele yenu naufuta." Nikamgeukia mjukuu wangu. "Uliniomba neno moja, nikakupa jingine. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mume wangu," akasema. "Lakini hujanisikia nikiwa na hasira bado. Ngoja nijifungue."

Mama mkwe alikuwa ameinua kile kibao cha pili, anayajaribu meno yake kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo Kilwa?" akauliza.

"Hakuna Kilwa, mama."

"Siku ya posa mlisema Kilwa."

"Tulisema."

Alikirudisha kibao kwenye benchi, akakinyoosha kiwe sawa kama kilivyokuwa. "Na sisi tuliwaambia kwamba sisi ni watu wa Pemba." Akapangusa mikono. "Hilo tutalizungumza siku nyingine, kila mtu akiwa amekula."

Mpwa wa mwandishi alipata kikohozi cha ghafla, akaenda kuangalia kisima.

Kisha mama mkwe alijifunga vizuri khanga yake, akasimama mbele yangu kama hakimu. Alisema mtoto hurithi jina pamoja na tabia, kwa hiyo lazima ajue anapokea mtu wa namna gani.

"Alikuwa mvivu?"

"Hata kidogo."

"Mchoyo?"

"Wa maneno hapana. Wa sukari, ndiyo."

"Mgomvi?"

"Sana."

"Na majirani au na watu wa nyumbani?"

"Na wote. Na baba yangu zaidi."

"Mlizi?"

"Sikupata kumwona akilia."

Akafikiri. "Mgomvi tunaye mmoja nyumbani," akasema, akimtazama mjukuu wangu. "Wawili tutaweza." Halafu uso wake ukabadilika, na aliposema tena hakuwa anatania. "Lakini jina lenyewe, mwanangu. Ni jina la mnunuzi. Watu wetu watalijua siku ileile. Mtoto ataanza shule, wenzake watamwita mtumwa. Mimi naijua midomo ya watu."

Woga ule ulikuwa wangu pia. Aliyejibu ni mjukuu wangu, naye hakupandisha sauti.

"Mama, mimi jina hilo nililisomea shuleni. Bweni zima pale Lugoba tulikuwa na nakala chache, tukasomeana. Tulipofika pale anapomtafuta mamake kwenye msafara, wasichana walilia mpaka matroni akaja kuuliza nani kafiwa. Watu wa rika langu wakilisikia jina hilo, wanamkumbuka yeye. Aliyemnunua hakuna anayemjua. Hata kitabuni hana jina."

Mama mkwe hakusoma zaidi ya darasa la nne, na kitabu kile alikuwa amekiona kwa mara ya kwanza siku hiyo, ndani ya kioo.

"Kumbe watu wanamlilia," akasema polepole. "Mtu asiye wao." Akanigeukia. "Kaburi liko wapi?"

"Lipo. Nalijua."

"Ulilisafisha lini?"

Nikainuka kutoka kwenye kibao.

"Twende ukatuonyeshe basi, kabla ya jua kuwa kali."

Mpwa alitusindikiza. Alisogea kufungua mlango wa uani, maana ndio ulio karibu na njia ya makaburini, lakini mjukuu wangu alimshukuru na kusema tutarudia mlango wa mbele, tulikoacha viatu. Tukapita tena ndani, mimi nikiwa wa mwisho. Mlangoni mpwa akanishika mkono.

"Na mimi wageni wakija niwaambie nini sasa, baba?"

"Waambie mjomba wako alikuwa hajui kukuna nazi. Hayo mengine wataelewa."

Kaburi la bibi liko pembeni kabisa. Baba hakumweka kwenye safu ya ukoo. Alimweka mahali ambapo mgeni angedhani ni kaburi la mpita njia, na alama yake ni mawe mawili ya matumbawe yasiyoandikwa kitu. Majani yalikuwa yamefika magotini. Niliinama kung'oa, mama mkwe akanisukuma kando, akaazima panga kwa kijana aliyekuwa anafyeka karibu.

"Wewe soma Yasini. Kazi ya mikono niachie mimi."

Nikasoma. Yeye akafyeka, halafu akapiga magoti akaanza kung'oa mizizi kwa vidole vile vigumu, mstari kwa mstari, na alipomaliza aliyapangusa mawe mawili kwa ncha ya mtandio wake. Mjukuu wangu, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, alimwita bibi kwa jina lake, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi. Lilikuwa halijasikika mahali pale tangu siku ya mazishi, labda hata siku ile.

Mtoto alizaliwa kabla mwezi haujaisha, wa kike kama kipimo kilivyosema, ingawa mama mkwe alihakikisha mwenyewe kabla ya kukubali. Siku ya saba tulikuwa nyumbani kwangu. Mtoto alinyolewa, nyama ya akika ilikuwa motoni, na shehe akauliza jina. Baba wa mtoto, kijana anayefanya kazi katika hifadhi ya wanyama ya Saadani, asiye na maneno mengi, alinielekeza kwa kichwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba nitaje mimi.

Nikalitaja. Nikaongeza bila kuulizwa, "Ni jina la bibi yangu mzaa baba. Aliletwa hapa kutoka bara, akauzwa. Hakutoka Kilwa."

Nilisikia mafuta yakichemka uani. Binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, alichukua kofia yake gotini, akaivaa, akatoka kabla ya chakula. Hajaja tena kwangu mpaka leo. Tukikutana msikitini huitikia salamu kwa mbali. Simlaumu, nami nilikuwa kama yeye juzi tu. Namsubiri.

Kisha sauti ikatoka upande wa wanawake, ya ajuza mmoja wa mtaa wa pili ambaye siku hizi haoni vizuri. "Huyo bibi namkumbuka," akasema. "Alinirushia kifuu cha nazi mgongoni. Nilikuwa nimeiba embe lake."

Watu wakacheka, na kucheka kukawa ruhusa. Mwingine akasema mama yake alikuwa akimsimulia juu yake. Mwingine akasema kwao nao kuna jina la namna hiyo, la babu, lililofichwa kwenye sanduku. Shehe alisubiri watulie, akalisema jina kwenye sikio la mtoto.

Siku hizi napita mara kwa mara kwenye nyumba ya mwandishi. Mpwa amekihamisha kibao kilichoungua kutoka uani. Amekiweka chumba cha mbele, kando ya meza ya taipureta, na kile kipana mbele yake, vikitazamana. Ananiambia wageni husimama zaidi hapo kuliko kwenye miwani. Ameniomba niwe nakuja siku za shule kuwasimulia wanafunzi, nami nimekubali, ingawa nasimulia vibaya, sina mikono ya bibi.

Mama mkwe alikaa Bagamoyo mpaka arobaini ilipotimia. Kutwa nzima alisikika akiliita jina lile kutoka chumbani, uani, hata mlangoni kwangu akiwa anazungumza na wapita njia, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wanunuzi wa samaki. Mwanzoni nilikuwa nashtuka na kutazama mtaani nani kasikia. Siku moja niligundua kwamba nimeacha kutazama.

Asubuhi ya kuondoka kwake alinikuta barazani, mtoto akipiga kelele begani mwake.

"Mkwe, uliniambia bibi yako hakuwa mlizi. Huyu analia tangu alfajiri."

"Nilimjua akiwa mzee, mama."

Alimhamishia bega la pili, akampigapiga mgongoni, akamwita kwa jina lake.

"Basi lia," akamwambia. "Lia umalize."